Siku ya Kontrole, Papa Alikuwa Njia ya Lweba

Papa, baba yangu, alipeleka barua tangu kabla mimi sijazaliwa, na Serikali haikujua kama yuko duniani. Nasema hivyo bila kuuma maneno, kwa sababu nimechoka kulisema jambo hili kwa adabu. Pale Baraka posta ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na bati lililotoboka, na mkubwa mmoja aliyeletwa kutoka Bukavu. Mkubwa alikuwa na namba. Chini yake walikuwa wapeleka barua watatu, watoto wa palepale, na hao hawakuwa na namba. Mmoja alivuka kwenda Ubwari kwa mtumbwi, mwingine alizunguka mjini. Papa alishika njia ndefu: ile ya kupanda milima kwenda Fizi, na ile ya kando ya ziwa inayopita Lweba kwenda Nundu.

Namba ninayosema ni ile ya matrikule. Mwenye nayo ni mtumishi wa Serikali. Jina lake linajulikana mpaka Kinshasa, ana mshahara hata kama unachelewa, akizeeka anapumzishwa kwa heshima, akifa mjane wake ana mahali pa kugonga mlango. Asiye nayo ni mtu wa kusaidia tu, leo yuko, kesho hayuko, na hakuna wa kuuliza. Papa na wenzake walipata kile ambacho mkubwa aliamua kuwapa siku akiamka vizuri, na kile walichopewa na wenye barua: ndizi, ndagala kwenye jani, chupa ya mawese. Aliyetulisha ni Mama, kwa shamba lake la mihogo. Hilo lijulikane.

Lakini kazi aliifanya, na aliifanya kwa namna yake. Barua haikuachwa kwa jirani, wala kwa shemeji, wala kwa mtoto wa nyumbani. Iliingia mkononi mwa mwenyewe. Kama mwenyewe alikuwa shambani, Papa alimfuata shambani. Kama alikuwa ziwani, alikaa ufukoni mpaka arudi. Asiyejua kusoma alisomewa. Habari zikiwa mbaya, Papa aliikunja barua polepole, akageuka kutazama pembeni, akangoja mtu amalize kulia, kisha akauliza kama kuna jibu. Watu walimwita Posta tu. Akina mama wa Lweba walipomwona na baiskeli yake walianza kumtania kutoka mbali: “Posta, leo uko natuletea bwana ao deni?” Naye alijibu kwamba mabwana wamekwisha, zimebaki barua.

Mama alimtania zaidi ya hao. Serikali aliiita mbanda wake, kwa maana ya mke mwenzake. Papa alipovaa kofia yake asubuhi, Mama alisema, “Nenda kwa mbanda yangu. Lakini umwambie, chakula ya mangaribi na yeye apikake.” Papa alicheka. Wakati ule bado walikuwa wanacheka.

Mara nyingi Papa na wenzake waliomba hiyo namba. Waliandika kwa heshima zote, “tunaomba kwa unyenyekevu”, na picha ndogo za pasipoti ambazo Papa alipigwa akiwa amekaza uso kama anayengoja sindano. Na kwa kuwa wao ndio waliokuwa posta, hapakuwa na mtu mwingine wa kuipeleka barua yao. Waliibeba wenyewe mpaka Uvira, wakaingia ofisini kama wapeleka barua, wakaitoa mfukoni, kisha wakageuka kuwa waombaji. Huko walipigwa danadana. Leo mkubwa hayuko, kesho karatasi moja imekosekana, keshokutwa faili limekwenda Bukavu. Papa alirudi na miguu iliyovimba, akasema mambo yanaendelea vizuri. Mimi nilikuwa msichana wa shule, najua kusoma uso wa mtu, na niliona kwamba hayaendelei.

Vita ya kwanza ikaja. Mkubwa wa posta alipakia vitu vyake kabla ya sisi wengine hata kusikia mlio wa risasi, akaenda, na hatukumwona tena. Sisi tulijificha mashambani, tukarudi. Nchi ilibadilika jina na bendera ikabadilika. Papa na wenzake wawili wakafagia posta, wakaziba bati kwa plastiki, wakafungua mlango. Hakuna aliyewaagiza. Barua zilikuwa chache, nyingi zililetwa na madereva wa malori na watu wa mashua kutoka Uvira na Kigoma, lakini zilikuja, maana watu walikuwa wametawanyika na kila mmoja alimtafuta wake. Papa aliniambia hakuna wakati posta ilikuwa na maana kama wakati ule. Nilimwamini, na bado namwamini.

Kisha ikatangazwa kwenye radio na kanisani: Serikali mpya inataka kuwajua watumishi wake wote. Watu wa kontrole watapita kila mahali. Kila mtu akutwe penye kazi yake, mwenyewe, kwa mwili wake. Atakayekutwa ataingizwa, atapewa namba. Asiyekutwa, basi. Baraka ilipangiwa siku ya Alhamisi.

Sijapata kumwona Papa na furaha kama ya wiki ile. Aliosha kofia kwa sabuni. Alimwomba Mama apige pasi suruali, na Mama, ambaye hakupenda mkaa upotee bure, alipiga pasi bila neno. Wale wapeleka barua wawili walikuja nyumbani wakala bukari, ule ugali wa mihogo, na samaki, wakapanga nani asimame wapi kwenye kaunta. Walikuwa watu wazima wenye mvi, wanapanga kusimama kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Mimi niliwacheka kimoyomoyo na kuwaonea huruma palepale.

Jumatano asubuhi Papa aliangalia ndani ya sanduku, akaona zimebaki barua mbili za Lweba. Akasema haiwezekani watu wa kontrole waje kesho wakute barua imelala posta. Kwake yeye, posta safi ni ile isiyo na barua. Wangeona barua zimelala wangesema hawa ni wavivu, wanataka namba ya nini? Mwenzake akamwambia aache, mbili si kitu. Mama naye akasema aache. Papa akapanda baiskeli, akasema kabla ya jua kuwa kali atakuwa amerudi.

Watu wa kontrole walifika siku hiyohiyo, Jumatano. Walikuwa wamelala Nundu, na kwa kuwa njia ilisemwa haiko salama, waliamua kuwahi. Hakuna aliyetuonya. Gari lilisimama, mpiga mbiu akapita mitaani, na watumishi wote wa Baraka wakaitwa kwenye uwanja wa ofisi: walimu, wauguzi, karani wa mahakama, posta. Nilikimbia kutoka kisimani, ndoo nikaiacha hukohuko. Mama alikuwa shambani.

Bwana wa kontrole alikaa chini ya turubai, amevaa miwani, anaita jina moja moja kutoka orodha ambayo kila ofisi ilikuwa imeandika. Anayeitwa alisonga mbele, akasema “niko”, akatazamwa kutoka kichwani hadi miguuni. Walipofika posta, wale wawili waliitwa na kuitika. Kisha likaitwa jina la Papa. Likaitwa tena.

“Niko mu fasi yake!” nilisema, nikapenya mbele kusimama mahali pake. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. “Ni papa yangu. Iko ku kazi.”

“Kazi gani?” bwana yule akauliza, bila hasira.

“Anapeleka barua ku Lweba. Atarudia sasa hivi.”

“Kazi yake ni hapa, ku bureau.”

“Mukubwa, kazi yake ni njia! Kama iko ku bureau, barua nani anapeleka?”

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, nadhani. Mtoto wa kike kumjibu mkubwa hivyo kulikuwa kichekesho. Bwana wa kontrole naye alitabasamu. Mpeleka barua wa mjini alivua kofia akasema ni kweli, mwenzao ametumwa, wamsubiri kidogo tu, saa moja hivi. Bwana alimjibu kwamba muntu anaitikaka mwenyewe, hata mama yake mzazi hawezi kumwitikia. Akapiga mstari, akaita jina la muuguzi. Nilisimama pale nikiwa na miguu yenye matope ya kisimani. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu mbele ya watu wote na ukweli haukunisaidia kitu. Nililia kwa hasira, nikajificha nyuma ya walimu nisionekane.

Papa alirudi jua limepinda. Mwenye barua ya pili alikuwa amekwenda shamba la mbali, na yeye akamfuata huko, kama kawaida yake. Alipoambiwa, hakukaa chini. Alishika usukani wa baiskeli akasema, “Gari ya blanche, ile nyeupe? Mi niliiona. Tulipishana njiani. Nilitoka mu njia, nikabapungia mukono.”

Alikuwa amewapisha. Vumbi lao lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

Gari lilikwisha kuondoka kwenda Fizi. Papa alilala na nguo zake, na kulipopambazuka akaanza kuipanda ile milima. Alifika amelowa jasho, suruali ya pasi imejaa matope, akajipanga na watumishi wa Fizi. Zamu yake ilipofika alisema jina lake na kazi yake. Bwana alitafuta, akamwambia wewe ni wa Baraka. Papa akasema ndiyo, lakini Fizi pia ni njia yake, hata watu waliopo pale wanaweza kushuhudia, na kweli watu walishuhudia, mpaka mwalimu mmoja aliyeletewa barua ya kifo cha kaka yake. Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwamini. Lakini mtumishi anahesabiwa mahali pake, na Fizi si mahali pake. Kutakuwa na kontrole ya pili, ya waliosahaulika. “Ukutwe pale,” alimwambia. “Usiondoke pale, muzee.”

Afadhali angemtukana. Matusi Papa angeyasahau. Ushauri ule aliuchukua moyoni kama agizo.

Tangu siku hiyo hakupeleka barua tena. Asubuhi alifungua posta, akakaa nyuma ya kaunta na kofia kichwani, akafunga jioni. Mchana nilimpelekea mihogo ya kuchemsha, akala hapohapo, uso kwenye mlango. Hata chooni alikwenda kwa haraka, akimwomba mwenye duka la jirani amtazamie njia. Barua za Fizi na Lweba zilikaa kwenye sanduku. Alituma salamu kwamba wenye barua wazifuate wenyewe, na wachache walizifuata. Siku moja bibi mmoja aliteremka kwa miguu kutoka huko juu kuja kuuliza kama mwanawe aliyeko Lubumbashi ameandika. Ilikuwapo barua. Papa alimsomea, lakini nilimwona hawezi kumtazama usoni. Bibi alipoondoka, Papa alisema, “Namba ikifika nitabapelekea tena, bote.” Nilitaka kumwambia maneno makali. Nilitaka kumwambia kwamba wamemnyang'anya kazi yake kwa kumwahidi kazi yake. Wakati ule sikuwa na maneno hayo, nikachukua sahani nikaenda kuiosha.

Mama aliacha kutania. Neno la mbanda halikusikika tena nyumbani kwetu, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Vita ya pili ilitukuta hivyo, kabla ya mvua. Kwanza radio ikasema mambo ya Goma na Bukavu, kisha Uvira. Kisha watu wakaanza kupita kutoka upande wa Nundu, wamebeba mikeka na masufuria na kuku waliofungwa miguu, wanasema tu, “Banakuya.” Nani anakuja, kila mtu alikuwa na jibu lake. Katika wapeleka barua wawili waliokuwa wameitika siku ya kontrole, wa Ubwari alivuka na mtumbwi wake na watoto wake, na wa mjini akatoweka asubuhi moja. Namba zao hazikuwa zimefika. Mpaka leo hazijafika.

Mashua za kwenda Kigoma zilijaa watu. Mama alipata nafasi kwa mtu wa ukoo wake, lakini ilibidi twende saa hiyohiyo, mchana. Alifunga vitu kwenye kitenge, akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukapita posta. Barabara nzima ilikuwa imefungwa. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi.

“Baba batoto, tunaenda,” Mama akasema. “Mashua iko nangoya.”

“Muende,” Papa akasema. “Mi nitabafuata siku ya Mungu.”

“Siku ya Mungu juu ya nini?”

“Posta iko nafungwa siku ya Mungu.”

Mama alimtazama. Nilidhani atapiga kelele, maana Mama alikuwa na sauti, lakini aliongea polepole, kama anayemwambia mgonjwa. “Bote banakimbia. Kontrole gani itakuya mu masasi ya vita?”

“Na ile ya kwanza, tuliambiwa siku ingine, bakakuya siku ingine,” alisema. “Nikitoka leo, bakikuya leo?”

Niliingia nyuma ya kaunta, jambo ambalo tulikuwa tumekatazwa tangu utoto, nikamshika mkono nikamvuta. Sikumwomba, nilimvuta. Alikuwa mzito. Aliondoa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, akaniambia nimsaidie mama yangu kubeba. Sikuwa na nguvu za kumbeba mtu mzima aliyekataa kubebwa, na Mama hakuwa nazo, na mashua ilikuwa inaita. Tulimwacha hivyo. Hata ufukoni hakutusindikiza, kwa sababu zilikuwa saa za kazi.

Jumapili hakuja. Wala iliyofuata. Kule kambini ng'ambo ya ziwa Mama aliwauliza wote walioshuka mashua. Wengine walisema walimwona, wengine walisema Baraka haina mtu, na wale waliojua kweli, nadhani, walisema hawajui. Tulikaa huko miaka. Nilikua, nikaolewa hukohuko kambini, nikazaa, na kila niliposikia kwamba kuna barua zimekuja na msamaria fulani kutoka Kongo nilisimama kwenye mstari. Mtu aliyekuwa amewapelekea watu wote barua, hakuna aliyetuletea yake.

Tuliporudi, ile nyumba ya posta ilikuwa kuta tu. Mwenye duka la jirani alikuwa amerudi kabla yetu, mzee sasa, jicho moja limeziba. Mama hakutaka kumsikiliza. Alibaki nje anaangalia majani. Basi nilimsikiliza mimi.

Alisema siku ile alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, karibu kiasi cha kusikia na kuuona mlango wa posta. Watu wenye silaha waliingia mjini, na sikumuuliza walikuwa wa upande gani, kwa sababu wakati ule pande zilikuwa nyingi na kila upande ulikuwa na risasi. Walivunja milango iliyofungwa, na kwenye ule uliokuwa wazi wakashtuka, wakasimama. Walimwona Papa amekaa. Wakamuuliza anafanya nini pale peke yake, yeye ni nani.

Papa alisimama. Mwenye duka anasema alinyoosha kofia yake kwanza.

“Mi ni mutumishi wa Serikali,” akasema. “Niko penye kazi yangu.”

Wale watu walikuwa wanapigana na Serikali hiyohiyo. Walitazamana, kisha mwenye duka akasikia mlio mmoja wa bunduki. Uvira walisema karatasi imekosekana, Fizi walisema si mahali pake, Kinshasa hawakuwahi kusema neno. Hawa walimwamini palepale mlangoni, na namba hawakumuuliza.